Kuta za maonyesho kutoka nje: nani alizipima na ngazi za Mji Mkongwe?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu ni wa hasira, asiyetaka apite.

Mie napanga maonyesho kwenye makumbusho madogo hapa Unguja. Jina naliweka kapuni, nina watoto wa kulisha. Tulipata picha za zamani za majahazi, zikahitaji kuta za muda za kutundikia, maana kuta za nyumba yetu hazitobolewi. Ni mawe na chokaa: ukiingiza keekee unatoka na shimo la ngumi, na skrubu haishiki. Na tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani pale Forodhani, ilipoporomoka upande, tarehe 25 Desemba 2020, nani mwenye akili zake anachezea kuta kongwe za mji huu?

Fundi wetu seremala alikuja na futi yake, akapima chumba, mlango, ngazi, mpaka ule upindo wa ngazi. Akasema: plaiwudi ya milimita 12, fremu za mbao mbili kwa mbili, vipande viungwe kwa bawaba visimame kwa kukunjana, kwa sababu ukuta ulionyooka peke yake lazima utalala. Nyuma chini, mifuko ya mchanga. Wakubwa wakamwambia, "Mzee, tunataka kitu cha kisasa." Wakaagiza nje. Bei naona haya hata kuiandika.

Zikaja kati ya masika. Paneli za mita tatu, hazikunjiki! Gari haiingii uchochoroni, tukalipa hamali. Kwenye upindo wa ngazi zikagoma. Mbili zikalala uani chini ya turubai, na tulipozifunua tukaona ndani ni karatasi ngumu iliyotobokatoboka kama sega la nyuki, juu plastiki. Zimefura kama maandazi.

Zilizopanda juu zina miguu ya chuma kwa ajili ya sakafu ya marumaru iliyolala sawa. Sakafu yetu imebebwa na boriti za mikoko, hizo hizo ambazo ufupi wake uliamua vyumba viwe vyembamba, na imebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Ukuta ukawa unayumba. Dawa yake? Boksi la biskuti, limekunjwa mara nne, likasokomezwa chini ya mguu. Wanafunzi wa skuli wakaja, mmoja akaegemea, mwalimu akaudaka ukuta kwa mgongo. Kifunguo cha kukazia kilikuwa kimoja tu, kimeshapotea, na soko zima la Darajani hakuna saizi yake.

Sasa msije mkanambia nashabikia mafundi. Vya kutengeneza wenyewe navyo vimeshatutia aibu. Kuna wakati tuliunda ubao wa mbao rahisi za unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, tukaupaka rangi ya mafuta Jumatano, Ijumaa tukafungua. Tukabandika juu yake pesa za shaba za Sultani Seyyid Barghash, zile za mwaka 1299 Hijria, tukafunika kioo. Haukupita muda zikaota kutu ya kijani. Mbao mbichi, gundi na rangi hutoa mvuke wenye asidi, na unyevu wetu huu ndio unaoumalizia. Fundi hakuwa na kosa, sisi ndio tuliomkimbiza. Ubao ulitakiwa upakwe rangi ya maji pande zote, hata kingo, halafu uachwe madirisha wazi wiki tatu nne kabla kitu hakijausogelea.

Wiki tatu nne hizo ndizo wakubwa hawana, lakini miezi ya kusubiri kontena walikuwa nayo!

Na bado. Jana nimeletewa karatasi nisaini: wameagiza nyengine kumi na mbili, zile zile, mita tatu. Nimeuliza ngazi je? Nimejibiwa, "Tutaona zikifika." Karatasi ipo mezani kwangu, sijasaini. Fundi kanipigia simu asubuhi kuuliza kama ile futi yake aliisahau kwetu.