Jane Eyre ya televisheni: tutazame ya 1973, ya 1983 au ya 2006?

BintiMalindi
Assalaam aleikum jamaa. Sisi kina dada wa hapa mjini tumemaliza kusoma Jane Eyre, na sasa kila mmoja anataka kukiona kwa macho. Filamu nimeziweka kando. Kitabu kina sura 38; ukikibana katika saa mbili, kinachokatwa mwanzo ni utoto wa Jane, na bila ya utoto ule humjui ni mtu wa namna gani. Zimebaki tamthilia tatu za BBC: ya 1973 ya Sorcha Cusack na Michael Jayston, ya 1983 ya Zelah Clarke na Timothy Dalton, na ya 2006 ya Ruth Wilson na Toby Stephens.

Mizani yangu ni pale Jane anapoamua kuondoka Thornfield, jumba la Bw. Rochester, tajiri aliyemwajiri. Kitabu kizima kinaelekea hapo. Mtu anayempenda anamlilia, pa kwenda hana, pesa hana za maana, na bado alfajiri anafungua mlango anatoka. Tamthilia ikiukosa usiku huo, mie nguo na majumba hayanisaidii kitu. Kila nikikaribia kuchagua nageuza rai. Na jengine: mama zetu watakuwepo, na wengine wetu Kiingereza cha zamani kinatutatiza bila ya maandishi chini ya picha. Nipeni rai zenu.

Mwalimu_Wete
Waaleikum salaam dada. 1983, wala usisite. Ni sehemu 11 za kiasi cha nusu saa kila moja, na mwandishi wa mchezo, Alexander Baron, kayaacha maneno ya Charlotte Brontë yaende kama yalivyo. Mie nasomesha fasihi ya Kiingereza. Wanafunzi huwapa kitabu mkononi tukatazama pamoja, na wanafuata kwa kidole mstari kwa mstari, kurasa nzima nzima. Nyengine zote mbili hazikuruhusu hivyo kwa muda mrefu.

Chukua pale Bw. Rochester anapojigeuza bibi mpiga ramli. Kajitanda, kakaa karibu na moto, wageni wa kike wanaingia mmoja mmoja, mpaka inafika zamu ya Jane. Dalton anaicheza mwenyewe, sauti kaibadilisha. Ya 2006 kazi ile wamempa mwanamke mwengine wa kukodiwa. Sasa faida yake nini? Tukio lile linatuonesha mapema kwamba bwana huyu yuko tayari kutumia hila ili apate anachokitaka kwa Jane. Likishapita mkononi mwa mtu mwengine, siku ya harusi inapovunjika kanisani mtazamaji anashtuka bila ya kuwa kaandaliwa.

Na utoto pia. Skuli ya Lowood wameipa nafasi yake, Helen Burns, rafiki yake Jane, unamjua kabla hajafa. Brontë aliandika kwa uchungu wake mwenyewe pale: dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walifariki 1825 baada ya kuugulia katika skuli ya bweni ya Cowan Bridge. Kuyapitia mambo yale mbiombio ni kumdhulumu.

BiMkubwa_Shangani
Mwalimu, nakuheshimu, lakini tamthilia si darasa. Anayetaka maneno yote kitabu anacho.

Mie ni wa 2006. Naomba mkamtazame Ruth Wilson bustanini, chini ya mti, jioni ile Rochester anapomwambia atamtafutia kazi Ireland. Mwanzo anajizuia, midomo imebana. Halafu machozi yanamshinda na maneno yanatoka nayo: unadhani kwa kuwa mimi ni masikini, sina jina, si mzuri na umbo langu dogo, basi sina roho wala moyo? Sauti inakatika, pua imekuwa nyekundu, hajali tena anaonekana vipi. Zelah Clarke maneno hayo anayasema sawasawa, lakini mie nasikia mtu aliyeyahifadhi.

Na Dalton, jamani. Kitabuni Rochester anamuuliza Jane kama anamuona ni mzuri wa sura, na Jane anamjibu papo kwa papo kuwa hapana. Kwa uso ule wa Dalton jibu hilo nani atalisadiki? Miaka minne baadaye alikuwa James Bond! Toby Stephens si mbaya, lakini ana ukali na uchovu unaoendana na mtu yule.

Picha nayo: ya 1983 sehemu kubwa ni studio, taa kali, milango ikifungwa kwa nguvu una wasiwasi na ukuta. Ya 2006 Thornfield ni Haddon Hall kule Derbyshire, mawe ya kweli, giza la kweli.

Tahadhari moja kwa sababu ya kina mama: katika sehemu ya nne yapo mambo ya kitandani, wamevaa nguo zao lakini wanabusiana kwa muda. Kitabuni hayamo.

MtotoWaChake
Samahanini wakubwa, mie nimeona ya 2006 tu na sikusoma kitabu. Kuna kitu kinanikera. Mke wa kwanza mgonjwa wa akili, yuko orofa ya juu na mlinzi wake. Kwa nini Rochester asimuoe Jane awe mke wa pili, hadharani, mambo yakesha?

Mwalimu_Wete
Swali zuri mwanangu. Sheria ya Uingereza haikumpa njia. Mke wa pili ni kosa la jinai. Talaka, mpaka 1857, ilitaka sheria maalumu ipitishwe Bungeni kwa ajili ya mtu mmoja, na hata baada ya hapo wazimu wa mke haukuwa sababu ya kuachana mpaka sheria ya 1937. Kitabu kilitoka 1847. Kwa hiyo alikuwa kafungika kweli, na hii ndiyo inayotufanya tumuonee huruma.

BiMkubwa_Shangani
Kafungika, lakini hakumwambia Jane. Hapo ndipo penye kosa, na hata kwetu tunaoruhusu ukewenza, mwanamke kufika mbele ya anayefungisha ndoa bila ya kujua kuwa bwana ana mke ndani ya nyumba hiyohiyo ni kudanganywa. Jane hakuondoka kwa sababu ya wivu.

Na Bertha, huyo mke wa kwanza, naye tumtaje. Ni mtoto wa watu kutoka Spanish Town, Jamaica, aliyeolewa na mali ya pauni 30,000, mali ikaenda kwa mume, naye akaishia kufungiwa katika nchi ya baridi. Brontë mwenyewe anamuelezea kama mnyama, na hilo mie halijaniingia moyoni mpaka leo. Ya 2006 angalau imempa sura ya mwanamke.

Kisiwandui_Juu
Ya 1973 mnaipita kama haipo. Ni sehemu tano, na Jane wa Sorcha Cusack anasikika akisimulia mwenyewe, mawazo yake unayapata kutoka ndani, kama kitabu kilivyo. Michael Jayston ana uchangamfu ambao Rochester wengine hawana. Ukimsikia akibishana na Jane unaelewa kwa nini wanapendana, wanafurahia mazungumzo. Kasoro yake Cusack ana uso wa furaha mno kwa yatima aliyepitia Lowood. Kwa mwenye subira tu.

BintiMalindi
Ahsanteni sana, nimefaidika. Jana nimekaa nikaurejea ule usiku katika ya 1983 na ya 2006, moja baada ya nyengine.

Ya 2006 imeuvunja. Harusi inakatika, Bertha tunaoneshwa, kisha mara tunamkuta Jane keshaondoka, yuko nyikani hoi, na kuagana kwao kunamrudia vipande vipande akiwa kwa kina Rivers, ndugu waliompokea nyumbani kwao. Vipande hivyo vinauma, Bi Mkubwa, sikatai, na Ruth Wilson sijaona wa kumfikia. Lakini tunajua keshatoka, kwa hiyo hatuna tena hofu kwamba huenda akabaki. Ya 1983 inakuweka chumbani. Dalton anabembeleza, anatisha, anabembeleza tena, kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kustahamili, na Clarke yule mdogo wa umbo amesimama tu. Utulivu niliokuwa nauona ni ubaridi, hapo ndio unaomwokoa. Rochester anaweza kumvunja kwa mkono mmoja na anajua kuwa haitomsaidia kitu.

Basi tutaanza na ya 1983, sehemu mbili kila Jumamosi baada ya Isha, tupate na nafasi ya kujadili. Ile ya bustanini ya Ruth Wilson nitawawekea peke yake tukishamaliza. Kilichobaki ni nakala: niliyonayo mie haina maandishi. Nani anayo?

Mwalimu_Wete
Ninayo kwenye diski, maandishi ya Kiingereza yamo. Nitampa mtu anayepanda boti wiki hii, niandikie kwa faragha nani ataipokea bandarini.