Naomba ushauri: mbung'o wananisumbulia ng'ombe malishoni

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, nawasalimu kwa heshima. Nachunga ng'ombe 34 wilayani Pangani, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako mbung'o hutoka vichakani na kuwauma mifugo, hasa asubuhi na jioni. Tangu mvua za vuli ziishe, ng'ombe watano walikonda na tezi zikawavimba. Daktari wa mifugo aliwapima damu, akathibitisha nagana, yaani ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, akawachoma sindano ya dawa yake, diminazini. Wanne wamepata nafuu, ila mtamba niliyemtegemea sana ametupa mimba, na jambo hilo limeniumiza mno.

Nimekuwa nikiwanyunyizia deltamethrini, dawa ya kuua wadudu, mwili mzima kila baada ya wiki mbili, tena nimetundika vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyolowekwa dawa kando ya njia ya kisimani, lakini gharama imenizidi.

Kwa kuwa mbung'o huuma zaidi miguuni na tumboni, na hupendelea ng'ombe wakubwa, je, nikinyunyizia sehemu hizo tu kwa wakubwa, kundi zima litakingika, au kupe watazidi masikioni ambako sitanyunyizia? Na vitambaa nivitundike umbali gani kutoka kichakani?