Chungu cha chuma, kioo, udongo au alumini: chombo gani cha kuokea kipupwe hiki?

Nuru wa Jikoni
Wapendwa, baridi imeingia na mimi nimerudi kwenye oveni. Kipupwe kikifika huwa naoka kila Jumamosi: mkate, keki ya mdalasini, biskuti za tangawizi. Mwaka huu nimeweka akiba ninunue chombo kimoja kizuri. Nasema kimoja kwa sababu kabati langu limejaa. Nataka kitoke kwenye oveni kiende moja kwa moja mezani, kipendeze macho, na kisiniharibie mkate. Nimeangalia vinne: chungu cha chuma cha kusubu chenye enameli (ile rangi ngumu kama kioo inayopakwa juu ya chuma), bakuli la kioo la kuokea, chombo cha udongo uliochomwa na kupakwa rangi, na bati la alumini la kawaida. Nawaomba mlioishi navyo zaidi ya msimu mmoja mniambie ukweli.

Mzee wa Chachu
Binti yangu, kama mkate ndio unaoupenda zaidi, chukua chungu cha chuma. Kazi yote inafanywa na uzito wake na kile kifuniko. Ukikipasha moto vizuri kwanza, kisha ukadondosha donge ndani na kufunika, maji yaliyomo kwenye unga yanageuka mvuke na yanakosa pa kutokea. Mvuke huo unaliweka ganda laini kwa dakika zile za mwanzo, mkate unapata nafasi ya kupanda mpaka mwisho wake. Mimi nafunika dakika 20 kwa nyuzi 230, nafunua, naacha dakika 20 nyingine ganda lishike rangi. Kwenye bati la wazi mvuke unatawanyika, ganda linakauka mapema, mkate unapasukia ubavuni.

Angalia tu kishikio cha kifuniko. Kikiwa cha plastiki, soma kiwango cha joto kinachovumilia kabla hujalipa. Na wapo watengenezaji wasiotaka chungu cha enameli kipashwe moto kikiwa kitupu, kwa hiyo maelekezo yake yasome yote.

Mama Tatu
Shikamoo mzee. Kwa mkate sibishani nawe hata kidogo. Ila Nuru ametaja keki na biskuti pia, na hapo chungu kizito hakimfai. Alumini inapitisha joto kuliko chuma cha kusubu zaidi ya mara nne, na kuliko kioo zaidi ya mara mia mbili. Maana yake, ukiweka bati la alumini kwenye oveni linashika joto upesi na kwa usawa, ukilitoa linapoa upesi. Keki inataka hivyo hivyo. Chuma kinaendelea kuoka hata kikiwa juu ya meza, na keki iliyoiva vizuri saa nne kamili, saa nne na robo imeshakauka pembeni.

Dada Nuru, ukinunua bati chagua la rangi ya kung'aa. Yale meusi hayana ubaya, lakini yanafyonza joto zaidi, na biskuti za tangawizi zina sukari nyingi: chini zinaungua wakati juu bado zimepauka.

Kijiko cha Mbao
Mimi nina kisa cha kioo. Nilikuwa na bakuli zuri sana la kioo, unaona tabaka za keki kwa pembeni kama dirishani. Asubuhi moja ya baridi kali nilikitoa kwenye oveni nikakiweka juu ya meza ya mawe, mahali nilipokuwa nimetoka kupangusa na kitambaa kibichi. Sekunde mbili hazikupita. Kilipasuka kwa mlio mkubwa, vipande vikaenda mpaka mlangoni, na keki nzima tuliitupa kwa sababu huwezi kujua kipande kidogo kimejificha wapi. Namshukuru Mungu watoto walikuwa chumba kingine.

Kioo hakikosi sifa. Unaona chini ya mkate bila kuugusa, na hakishiki harufu. Ila ukikitumia kwa keki, punguza joto nyuzi 15 hivi na uongeze dakika chache. Ukikitoa, kiweke juu ya ubao au taulo kavu. Na usikichukue kwenye friji ukakiingiza kwenye oveni ya moto.

Udongo Mwekundu
Hakuna aliyesemea udongo, basi niseme mimi. Kwa uzuri wa mezani hakuna kinachoushinda. Unapasha joto polepole na kulihifadhi, kwa hiyo mkate unakaa vuguvugu mpaka mtu wa mwisho amekula. Unaogopa mabadiliko ya ghafla kama kioo, kwa hiyo mwenzangu mmoja huuweka kwenye oveni ingali baridi na kuwasha baadaye.

Jambo la kuangalia kwa makini ni ile rangi ya kung'aa. Vyombo vingine vya udongo vimetengenezwa kwa mapambo tu, na rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi, yaani sumu, ambayo huingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Muuzaji asipoweza kukuhakikishia kwamba ni cha chakula na ni cha oveni, kirudishe juu ya rafu hata kama umekipenda kiasi gani.

Nuru wa Jikoni
Asanteni sana, nimeelewa mengi. Mzee, ushauri wako naupokea kwa mikono miwili, lakini nina shida ya kabla ya chungu. Jikoni kwangu asubuhi ni nyuzi 16. Donge linakaa saa tatu halijaumuka. Mwaka jana niliongeza hamira mara mbili, mkate ukanuka hamira tupu.

Mzee wa Chachu
Usiongeze hamira, rekebisha joto la maji. Chukua joto unalotaka donge liwe nalo, tuseme 25, zidisha kwa 3 upate 75. Toa joto la unga, toa joto la chumba. Kwako wewe, 75 toa 16 toa 16, inabaki 43. Hayo ndiyo maji yako. Usipite hapo sana, kwa sababu hamira ikikaribia nyuzi 60 inakufa, na maji ya birika yamewaua wengi hivyo. Baada ya kukanda, weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, uwashe taa yake tu. Ile taa inatosha kutoa uvuguvugu.

Au uigeuze baridi iwe msaada wako: kanda jioni, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Donge linaumuka taratibu na ladha inakolea kuliko ya mkate wa haraka.

Kijiko cha Mbao
Naongezea la vitambaa, kwa sababu kila mtu anaangalia chungu na kusahau mikono. Chungu cha chuma cha lita 5 ni kilo 5 hivi kabla hujaweka kitu. Glavu za pamba zenye maua ni nzuri kupigia picha, lakini zikilowa hata kidogo joto linapita mara moja na unaungua. Za silikoni haziogopi maji, ila nyingi ni ngumu na zinateleza mkono ukiwa na jasho. Mimi navaa zile za silikoni nje na pamba ndani, ndefu mpaka karibu na kiwiko, maana ukingo wa oveni unachoma juu ya kifundo.

Kwa uzuri nanunua kitani. Kitambaa cha kitani rangi ya mchanga ukikipaka unga kinafaa kulazia donge, halishiki sana. Kikifuliwa mara kumi ndiyo kwanza kinalainika.

Nuru wa Jikoni
Nimerudi na matokeo. Nimechukua chungu cha enameli, rangi ya kijani ya majani makavu, kipana sentimita 24. Mama Tatu, nawe sikukupuuza: nimepata bati la duara la alumini la sentimita 20, na linaingia ndani ya chungu, kwa hiyo kabatini vimekaa mahali pa kimoja!

Mkate wa kwanza nimeutoa leo. Maji ya 43, taa ya oveni, na donge limeumuka kwa saa moja na nusu. Nilipouweka juu ya wavu, ganda likaanza kualika taratibu, kila ufa mdogo na sauti yake, na mume wangu akaja kuuliza ni nini kinachosema. Ubaya mmoja tu: chini umekuwa mweusi, tumekwangua kwa kisu.

Mzee wa Chachu
Hongera binti yangu. Hiyo ya chini ni miali inayopanda kutoka chini ya oveni kugonga chuma. Ukifika kufunua kifuniko, telezesha trei tupu kwenye ngazi iliyo chini ya chungu. Na donge lilaze juu ya karatasi ya kuokea, itakusaidia pia kulishusha bila kuunguza vidole.

Mama Tatu
Trei hiyo iwe ile ya kung'aa.