Yaani elfu tano yangu ndiyo imemsimamisha heroe mguu mmoja?!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika huku natetemeka.

Yule jamaa mnamjua. Wa kofia ya majani, darubini shingoni hadi msibani. Kila mwaka kabla ya sensa ya ndege wa maji ya Januari anapitisha bakuli la Ziwa Natron: mafuta ya gari na posho za vijana wanaokwenda kuhesabu. Sipingi. Heroe wadogo (flamingo) wa Afrika Mashariki karibu wote wanazaliana pale, pakivurugika hawana pa kwenda. Mimi ndiye niliyewahimiza wenzangu wachange!

Leo kashika maiki, anasoma majina NA KIASI. Fulani laki mbili, makofi. Fulani laki, vigelegele. Akafika kwangu. Kimya. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa, akasogeza karatasi puani: "Elfu tano." Halafu: "Ndugu zangu, leo nimejua kwa nini heroe husimama mguu mmoja. Ni kwa michango ya namna hii."

Ukumbi uliangua kicheko hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko. Mama mkwe wangu alikuwepo. Kacheka kuliko mpishi.

Mguu mmoja, wakuu! Tarehe 20, mshahara bado, nimetoa hela ya gesi, leo tunapikia mkaa. Na ile miwani aliifuta ya nini? Elfu tano inahitaji miwani?

Jirani wa Daraja Mbili: Pole mkuu. Ila kwa bei ya mafuta ya sasa, elfu tano yako inaishia Kisongo.

Mtoa mada: Hoja si kiasi. Hoja ni MIWANI.

Kifaranga: Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananikodolea macho. Mguu mmoja 😂😂

Bibi Shamba: Mimi mwaka juzi nilichangishwa boti la doria la Natron. Boti! Magadi ya ziwa lile yanababua ngozi, na viota vya matope viko huko katikati hata fisi hafiki. Boti lenyewe nalisubiri mpaka leo.

Mkulima wa Ifakara: Nyie mna bahati mnatukanwa. Bonde la Kilombero liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2002, mwaka mmoja tu nyuma ya Natron yenu, lakini mpunga umefika ukingoni mwa mto na sheshe, swala wetu wa bondeni, tunamtafuta kwa tochi. Bakuli hatujawahi kuliona.

Wa Nakuru: Sisi ziwa lilijaa, magadi yakazimuliwa, chakula chao kikapungua, wengi wakahamia Bogoria. Wageni wakija wanatuuliza heroe wako wapi, utadhani tumewaficha kwa nyumba.

Jirani wa Daraja Mbili: Mtoa mada, tukiwa hapo hapo, ile laki ya harusi ya mdogo wangu vipi?

Mtoa mada: Usichanganye mada.

Kifaranga: Kumbe ndiye huyu! Kwetu alitoa elfu ishirini, akaja na watu watatu kwa kadi ya singo.

Bibi Shamba: Elfu ishirini mkampa kadi? Kwetu singo ni hamsini, na usipomaliza hupiti getini.

Mkulima wa Ifakara: Huku thelathini, na pilau unajipakulia mwenyewe.