Limfoma ya ubongo imerudi: vidonge au mionzi?

MwanaMikindani: Habarini wadau. Bamdogo wangu ana miaka 66, mwaka jana alikutwa na limfoma ya ubongo (saratani ya chembe nyeupe za damu iliyoota kwenye ubongo) akapigwa dripu za kemo, methotreksati, huko Dar akapoa kabisa mpaka akarudi Tandahimba kupalilia mikorosho yake, sasa kichwa kimeanza tena na mguu wa kushoto anauburuta. Madaktari wanataka mionzi ya kichwa kizima, binamu kasoma mtandaoni kuna vidonge vya ibrutinibu, basi nyumba imegawanyika. Mwenye uelewa anisaidie.

NesiKusini: Pole sana. Mionzi inawahi, hata uvimbe uliogomea kemo mara nyingi unasinyaa. Ila umri wake ndo shida, aliyevuka 60 halafu alishapata methotreksati, baadae kumbukumbu inaweza kuondoka, kutembea kwa kuyumba, mkojo unamponyoka. Mama mmoja niliyemuuguza alipona uvimbe lakini akawa anauliza kila saa yuko wapi. Na kama anatumia steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe kichwani, asiache ghafla jamani!

Famasia_Lindi: Hivyo vidonge vinazuia enzaimu ya BTK, ndo inayozipa seli za saratani hiyo amri ya kuzaliana. Wengi wanapata nafuu kweli, lakini mara nyingi ni ya miezi tu kisha uvimbe unarudi. Japani 2020 waliruhusu ndugu yake, tirabrutinibu, kwa limfoma hii hii iliyorudi. Madhara sasa: damu kuvuja, moyo kwenda ovyo, na fangasi wa mapafu anayeweza kupanda hadi kwenye ubongo, hasa ukichanganya na steroidi. HIV kapimwa? Nauliza kwa sababu kinga ikishuka, limfoma ya ubongo mara nyingi inaendana na kirusi cha Epstein-Barr, na hiyo kwa kawaida haina yale mabadiliko ya jeni yanayoipa dawa hii nguvu, na ARV zenyewe zinakuwa sehemu ya tiba.

Mkorosho: Hela ya korosho yenyewe mnada mpaka mwezi wa kumi, hivyo vidonge mnanunua na nini?

MwanaMikindani: 😂 Mkorosho umenigusa. HIV hana, alipimwa. Leo daktari kasema mguu unazidi, hawezi kusubiri dawa ya kuagizwa nje, mionzi wanaanza Jumatatu, kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Bamdogo mwenyewe kakubali, kasema kusahau ataanza na madeni. Binamu kanuna. Mwenye kujua chumba cha bei poa karibu na Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, anicheki inboksi.