Ulinganisho: Kusini (Mikumi, Udzungwa, Iringa, Ruaha) au Kaskazini (Lushoto, Mkomazi, Tarangire, Ngorongoro) kwa gari la familia?

BabaNasra_Mbezi
Wakuu habari zenu. Nina likizo ya wiki moja na ushei na safari hii sitaki ufukweni. Mama Nasra anataka milima na baridi, watoto wanataka tembo, mimi nataka kukamata usukani. Gari ni RAV4 ya zamani, ile wanaiita Masawe, foo-wili inafanya kazi, injini haina tatizo. Naanzia Dar.

Chaguo la kwanza: Dar, Morogoro, Mikumi, Mang'ula (Udzungwa), Iringa, Ruaha, na nguvu zikibaki niitafute Kitulo. La pili: Dar, Lushoto, Mkomazi, Moshi, Tarangire, Ngorongoro. Mkubwa yuko darasa la nne na mdogo chekechea, kwa hiyo ni likizo ya Juni au ya Desemba. Nishaurini njia na mwezi. Sitaki majibu ya "zote nzuri tu".

Mnyalu_Ipogolo
Kusini, mkuu, hakuna mjadala. Kaskazini barabara ni ya kukufikisha mahali, huku kwetu barabara yenyewe ndiyo matembezi. Ukitoka Morogoro una Uluguru mgongoni, unaingia Mikumi ambako lami inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Nyati na twiga utawaona kabla hujalipa hata shilingi. Ukishapita Mikumi mjini unashuka bonde la mibuyu, kushoto mto Ruaha, kulia vilima vikavu na mibuyu hadi unachoka kuihesabu. Ruaha Mbuyuni unanunua vitunguu, halafu unapanda mlima Kitonga na ndani ya muda mfupi joto lote linabaki chini. Ukifika Ilula mnatoa masweta. Nionyeshe kipande cha namna hiyo kati ya Chalinze na Arusha.

ChaliiWaSakina
Mnyalu, Kitonga ni nzuri ukiwa abiria. Dereva haoni kitu zaidi ya tela la lori.

BabaNasra, fikiria watoto. Juni kuelekea Julai maji yanaanza kukauka porini na tembo wanasogea mto Tarangire, unakuta makundi kwa makundi, hutafuti. Geti haliko mbali na lami, ukishapita Makuyuni ukafika Kwa Kuchinja ni kona tu. Kabla ya hapo una Hifadhi ya Arusha pale Usa River: maziwa ya Momella, kasoko ya Ngurdoto, Mlima Meru umekusimamia kichwani na mita zake zaidi ya 4,500. Watu wanaipita bila kugeuza shingo kwa sababu haina simba. Kwa mtoto wa chekechea twiga wa karibu anatosha.

Ila Ngorongoro nitakwambia ukweli. Kushuka kasoko wanataka foo-wili ya uhakika. Unashukia Seneto, unapandia Lerai, ni kupanda hasa, na Masawe yenye familia na mizigo sikushauri. Iache Karatu, changia gari na watu wengine au kodi Land Cruiser ya siku moja na dereva wake. Inauma mfukoni lakini unalala usingizi.

BintiShambaa
Mnabishania wanyama na mama mtu kasema anataka milima na baridi. Lushoto! Unaiacha barabara kuu Mombo, unapanda kilomita thelathini na kitu za kona, lami tupu, unapita Soni na maporomoko yake kandokando ya barabara. IST inapanda, Masawe itapanda inaimba. Irente mkikaa pale ukingoni mnaiona Mazinde iko chini kabisa, magari ya barabara kuu kama sisimizi. Msitu wa Magamba watoto wanatembea vizuri, si kama Udzungwa ambako utambeba mtu mgongoni.

Angalizo: Juni na Julai Lushoto kuna ukungu na baridi ya kweli. Ukifika Irente saa mbili asubuhi unaweza kuliona wingu na usione kingine, subiri mpaka jua lipande.

Dereva_wa_Tunduma
Mimi barabara ya kusini ndiyo ofisi yangu, ngoja niweke mambo sawa.

Kwanza, ondoka Dar alfajiri mapema. Ukikutwa na saa mbili Kibaha, siku imeshaharibika.

Pili, tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Kila kijiji chenye kibao cha 50, chukulia trafiki yuko chini ya mwembe. Usifuate mwendo wa mabasi wala gari za IT, zile za kwenda Zambia na Kongo. Wale wana haraka zao na wanaovateki mlimani. Akikuwashia taa nyuma, kaa kushoto apite.

Tatu, Kitonga. Kupanda si shida. Unakaa nyuma ya semi, giya ya kwanza au ya pili, unaacha nafasi ya kutosha kwa sababu semi ikikosa nguvu inarudi nyuma. Utamwona utingo anatembea kwa miguu pembeni ya tairi, ana gogo mkononi. Ukimwona huyo usisogee karibu, maana yake dereva wake hana imani na breki zake. Ukiona matawi ya miti yametandikwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika, hata kama kona haijakuonyesha. Simama, angalia, ndiyo upite. Nyani wamejaa ukingoni wanasubiri mikate. Funga vioo na watoto wasitupe chakula.

Hatari ni kushuka mkirudi. Weka giya ndogo tangu juu, acha injini ikushike. Ukishuka kwa kukanyaga breki mwanzo mpaka mwisho, harufu utaisikia kabla hujafika nusu, na ikishanuka hapo breki ulizobaki nazo ni za kuomba Mungu. Kama Masawe yako ni otomatiki, toa D, shusha mpaka 2 au L. Wengi hawajui ile L imewekwa ya nini.

Nne, ndani ya Mikumi fuata alama za mwendo. Kuna bango la faini pale, kila mnyama na bei yake, na ukimgonga ndipo utajua twiga ana thamani gani. Usiku usipite kabisa.

BabaNasra_Mbezi
Dereva, hii ya matawi na utingo ndiyo niliyoitaka, ubarikiwe. Ni otomatiki, na kweli hiyo L sijawahi kuigusa.

BintiShambaa, mama Nasra amesoma hapa kapiga makofi. Swali: Desemba kaskazini panakuwaje?

ChaliiWaSakina
Desemba? Kuanzia tarehe 20 Wachaga wote wa Dar wako barabarani wanakwenda kuhesabiwa nyumbani. Mabasi yanakimbizana, nyumba za wageni Moshi zimepanda bei, na Krismasi huko hupati hata fundi wa pancha. Ukienda Desemba toka mapema mwezi, rudi kabla yao. Na Tarangire mvua zikishanyesha tembo wanatawanyika, wengi wanatoka nje ya hifadhi. Juni ni salama zaidi.

Kipepeo254
Hamjambo majirani. Mimi niko Voi, niwaongezee chaguo la tatu ambalo watu wa Dar hamlifikirii. Mkishafika Moshi, vukeni Holili mwingie Taveta. Kutoka Taveta mpaka Mwatate ni lami nzuri, inapita kando ya Tsavo Magharibi, na kama anga iko safi asubuhi Kilimanjaro mnaiona ikiwa nyuma yenu. Ndani ya Tsavo kuna Mzima Springs, maji yanabubujika chini ya mawe ya volkano, meupe kabisa, viboko mnawaona wakitembea chini ya maji. Maji hayo hayo ndiyo yanapelekwa Mombasa kwa bomba. Halafu mnapanda Taita kwenda Wundanyi, baridi na mashamba ya mteremko, mama Nasra atafurahi.

Kiingilio cha hifadhi zetu kinalipwa mtandaoni, pesa taslimu hawashiki. Na gari lenu litahitaji bima ya kadi ya njano ya COMESA pamoja na kibali cha forodha mpakani. Beba kadi ya gari. Kama si jina lako, uwe na barua ya mwenyewe.

BabaNasra_Mbezi
Kipepeo, asante sana. Pasi za watoto hazijatoka, hiyo naiweka ya mwaka ujao.

MamaK_Kihesa
Kaka BabaNasra, mimi nasema kama mama. Ratiba yako ya kusini ina vituo vingi mno. Wiki moja ukiweka Mikumi, Mang'ula, Iringa, Ruaha na Kitulo, watoto watakaa kwenye siti tu na wataanza kupigana mkiwa Doma. Kata kitu.

Udzungwa hakuna barabara za magari ndani, ni miguu, na mwongoza njia. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 hivi na njia ni ya kupanda haswa. Wa darasa la nne ataweza, wa chekechea hapana. Kutoka Mikumi mjini mpaka Mang'ula ni kama kilomita 60, kisha urudi zile zile uendelee na Iringa. Kwa watoto wako, ningeacha.

Muda huo peleka Iringa mjini. Isimila iko nje kidogo ya mji ukielekea Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba, na zana za mawe za kale zimelala pale chini, mtoto anazitazama kwa macho yake. Kalenga kuna makumbusho na fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wangu tangu atoke pale ana maswali yasiyoisha, nikamwambia amuulize babu yake.

Ruaha usivae nguo nyeusi wala buluu, mbung'o wanazipenda. Kama bajeti ni ya kubana, laleni Tungamalenga nje ya hifadhi, muingie asubuhi. Malipo ya getini ni kwa namba ya malipo, si noti mkononi, na mtandao kule una siku zake. Kamilisha mkiwa Iringa.

Mnyalu_Ipogolo
MamaK kasema kweli, nami naongeza hili ambalo ndilo litakuamulia mwezi. Ruaha na Kitulo hazitaki msimu mmoja.

Ruaha unaitaka kiangazi. Mto Ruaha Mkuu, tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi kwa sababu ya maji yanayochukuliwa huko juu Usangu. Ni jambo la kusikitisha, lakini kwa mgeni maana yake wanyama wote wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke, swala wanapanga foleni nyuma yao. Simba nao wanajua foleni iko wapi. Kilele ni Septemba na Oktoba, ila Juni mwishoni tayari nyasi zimelala na unaona mbali.

Kitulo unaitaka mvua. Maua yanafunguka kuanzia Desemba mpaka Aprili, uwanda mzima kwenye mita 2,600 kwenda juu, okidi za kila aina. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Ukienda Juni utakuta nyasi na baridi ya kupasua midomo. Na njia ya Chimala kupanda Matamba ndiyo ile Hamsini na Saba, kona zake zimehesabiwa. Zikiwa na matope na gari la otomatiki la familia, hapo mimi siko.

Kwa hiyo Juni: Mikumi, Iringa, Ruaha, mnarudi. Kitulo ni safari nyingine, ukiipata likizo ya Februari bila watoto.

Dereva_wa_Tunduma
Barabara ya Iringa kwenda Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha, siku zote imekuwa ya vumbi na mawimbi. Ulizia stendi ujenzi umefikia wapi wiki hiyo. Jaza full tanki Iringa, usitegemee chupa za vijijini. Mawimbi yakizidi punguza upepo kidogo kwenye tairi, na ukirudi lami jaza tena.

BintiShambaa
Naona mmeshaiba mgeni wangu.

BabaNasra_Mbezi
Hahaha, dada, hujapoteza. Tumekaa kikao nyumbani, maamuzi ni haya. Juni tunakwenda kusini: Mikumi siku mbili, Iringa mjini na Isimila, Ruaha kwa kulala Tungamalenga, tunarudi bila haraka na kulala Morogoro. Mang'ula na Kitulo nimezifuta. Desemba mwanzoni, kabla ya Wachaga, ni Lushoto na Mkomazi peke yake, wikiendi ndefu. Ngorongoro tukipata wa kuchangia naye gari.

Bado moja. Kuna jamaa anakodisha Prado kwa bei ya kuvutia, nikaona labda niiache Masawe. Nilipokwenda kuiona, spea ilikuwa kipara na jeki hana, ananiambia "utanunua njiani". Niiache?

ChaliiWaSakina
Kama spea ni kipara, hata zile nne usiziamini. Kimbia.

Dereva_wa_Tunduma
Nenda na Masawe yako, gari unalijua linavyokohoa. Kabla ya kutoka: breki pedi, mkanda wa feni, maji ya rejeta, betri, spea yenye upepo. Toa na kurudisha nati za tairi mwenyewe hapo nyumbani, maana fundi wa mashine anazikaza mpaka spana ya gari inashindwa, na utagundua hilo uko katikati ya pori la Mikumi, mahali usiporuhusiwa kushuka. Ukienda Ruaha beba spea mbili kama una jamaa wa kukuazima, rimu iwe na matundu matano kama yako.

BabaNasra_Mbezi
Shemeji ana Masawe kama yangu. Leo jioni nakwenda kumwomba, namtanguliza mama Nasra.