Nikisifiwa kwa kuimba kichwa kinavimba, nifanyeje?

Sauti ya Tatu:
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi naongoza sifa kanisani. Ibada ikiisha watu hunishika mkono, "Leo umetubariki kweli." Najibu "Utukufu kwa Mungu," macho chini. Kumbe nyaya za maiki huwa nazikunja taratibu, palepale karibu na mlango, ili wasinikose.

Sasa kuna binti ameanza kuongoza naye. Akiimba watu wanalia. Mimi nimekaa nasubiri akosee noti. Nimefunga, nimeomba, kiburi hakitoki. Nafikiria kuacha huduma. Nishaurini.

Mama Tumaini:
Usiache mwanangu. Ukiacha, utaanza kuhesabu nani kaja kukubembeleza urudi. Kiburi kilekile, kimebadili nguo tu.

Mtoza Ushuru:
Hiyo "Utukufu kwa Mungu" nayo ichunguze. Farisayo wa Luka 18 alianza sala yake kwa kumshukuru Mungu, tena vizuri tu. Kilichomponza ni kumtupia jicho mtoza ushuru aliyesimama mbali na kujipima naye. Wewe unajipima na huyo binti. Mtu akikusifu sema "asante", basi, mwulize habari za nyumbani. Ukizikataa sifa kwa mbwembwe unaomba nyingine.

Bila Maiki:
Hahaha, hizo nyaya! Mwachie fundi mitambo, wewe kapange viti. Sitanii. Katika 1 Petro 5:5 tumeambiwa tujifunge unyenyekevu tupate kuhudumiana. Wewe unangoja ukushukie ukiwa umefunga na kuomba, wakati viti vipo.

Msomaji wa Neno:
Soma Yohana 3 kuanzia mstari wa 22, usirukie wa 30. Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji wanamletea habari ya kuchoma: Yesu, yule uliyemshuhudia, sasa anabatiza, na watu wote wanamwendea. Jibu lake la kwanza ni kwamba mtu hawezi kupokea kitu asipopewa kutoka mbinguni. Ndipo inakuja ile "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Tunaukariri mstari huo kwa raha, ila mwenyewe aliusema huku watu wanamkimbia. Najua binti si Kristo. Lakini sauti yake kapewa na yuleyule aliyekupa wewe, na hakukuomba ruhusa.

Sauti ya Tatu:
Hapo mwisho umenigusa pabaya. Sasa nimfuate binti nimwombe msamaha?

Mtoza Ushuru:
Mimi naona ndiyo. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi.

Mama Tumaini:
Hapana jamani. Binti hajui lolote, mnataka kumtwisha mzigo aanze kuimba kwa woga? Ungama kwa Mungu, kisha kaa na mchungaji wako. Binti mpe ule wimbo unaoupenda kuliko zote, aongoze yeye. Wewe itikia.